Ficha Majina, Kisha Usome: Nilivyojifunza Kuwapa Wahusika Sauti Zao

Rafiki niliyempa mswada wa hadithi yangu ya kwanza ndefu aliniletea ukurasa mmoja tu. Alikuwa ameunakili kwa mkono, akayabakiza maneno ya wahusika na kuondoa kila jina na kila “alisema fulani”, kisha akaniomba nimtajie nani anasema nini. Ulikuwa ukurasa niliouandika mwenyewe na kuupitia mara nyingi kabla ya kumkabidhi, na waliokuwa wakizungumza ndani yake walikuwa ajuza mmoja, binti yake, na fundi aliyekuja kutengeneza paa. Nilipofika mstari wa nne nilikuwa nimekwisha kupotea. Wote watatu walisema kwa sentensi zenye urefu uleule, kwa adabu ileile, na kwa ile tabia yangu ya kuanza kila hoja na “kwa kweli”. Fundi wa paa, akiwa juu ya ngazi na misumari mdomoni, alikuwa akisema “kwa mujibu wa hali ilivyo”.

Dawa niliyoikimbilia ndiyo ambayo waandishi wengi wachanga huikimbilia, nayo ni kumtundikia kila mhusika neno lake. Ajuza nikampa “wallahi”, binti nikampa “jamani”, fundi nikampa “bosi”, na kila mmoja alilitumia neno lake kila alipofungua kinywa. Niliporudisha kazi, rafiki yangu aliisoma akasema, “Sasa ninawatambua, lakini siwaamini.” Nilikasirika kwa muda wa wiki nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kibwagizo humtambulisha mhusika kama namba ya mgongoni inavyomtambulisha mchezaji: unajua ni nani, lakini hujui anachezaje.

Kilichonitoa kwenye shimo hilo kilikuwa swali jingine kabisa. Badala ya kujiuliza mhusika huyu hutumia maneno gani, nilianza kujiuliza anataka nini kwa mtu anayezungumza naye, na ni jambo gani asilotaka mtu huyo alijue. Sauti hutoka hapo, kwa maana mtu anayeomba huku akiona haya hawezi kusema kama anayeomba huku akijua atapewa, hata wakiwa wamezaliwa nyumba moja na kusoma darasa moja. Chukua ndugu wawili, mmoja akiwa amekuja kudai fedha alizomkopesha kaka yake. Toleo langu la kwanza lilikuwa hivi: Sudi anasema, “Naomba unirudishie fedha zangu kwa sababu ninazihitaji kesho,” na kaka anajibu, “Kwa sasa sina fedha, lakini nitakulipa mwisho wa mwezi.” Taarifa imefika salama, lakini watu wenyewe hawajafika. Toleo la pili niliandika baada ya kukubali kwamba Sudi hajawahi kumdai mtu maishani mwake, na kwamba kaka mtu hapendi kuonekana ameishiwa mbele ya mdogo wake:

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Mbona jioni hii?”

“Nilikuwa napita tu.”

“Unapita kwenda wapi? Njia hii inaishia hapa.”

“Nikasema nikusalimie.”

“Umeshanisalimia.”

“Haya.” Sudi aliitazama miguu yake. “Na shemeji hajambo?”

“Sudi, sina kitu.”

“Sikuja kwa hilo, kaka.”

“Najua. Nakwambia tu.”

Neno “fedha” halikutajwa hata mara moja. Unaweza kuyafuta majina yote na bado ukajua nani ni nani, kwa sababu kila sentensi ya Sudi ina mlango wa nyuma wa kukimbilia, na kila sentensi ya kaka inaufunga mlango huo. Angalia pia kijineno “tu”, ambacho wote wawili wamekitumia. Kwa Sudi ni cha kujipunguza, mtu anayeomba radhi kwa kuwapo kwake. Kwa kaka ni kisu. Tangu siku hiyo sikumtafutia tena kila mhusika neno lake pekee, maana neno moja likiwekwa katika vinywa viwili huonyesha tofauti ya watu vizuri zaidi kuliko maneno mawili.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba Kiswahili chenyewe kimetupa vifaa vya kazi hii ambavyo tunavipita kila siku bila kuviona, kwa kuwa tumefundishwa kuvihesabu kuwa sarufi. Chukua kikombe kilichokutwa vipande vipande sakafuni. Mtoto aliyekiangusha atasema, “Kikombe kimevunjika,” na kwa kiambishi kimoja kidogo atakuwa amemwondoa mtendaji duniani. Kikombe kimejivunjikia chenyewe. Dada yake mwenye tabia ya kukiri mambo kabla hajaulizwa atasema, “Nimevunja kikombe,” hata kama alikuwa amesimama karibu tu. Mpenda umbea atasema, “Asha kavunja kikombe,” huku akielekea mlangoni kwenda kumwambia mtu wa tatu. Bibi mwenye nyumba, ambaye huamini kwamba hakuna kinachotokea bila mkono wa mtu, atasema, “Kikombe kimevunjwa,” kisha atanyamaza na kuwatazama mmoja mmoja. Kitenzi ni kilekile na tukio ni lilelile, lakini tumepata tabia nne bila kuandika hata sifa moja. Niliporudi kwenye mswada wangu niligundua kwamba tapeli wangu, mtu ambaye maisha yake yote ni kukwepa lawama, alikuwa akisema “nilikosea” na “nilipoteza” kama mtu muungwana. Nikayageuza yakawa “kulitokea makosa” na “zilipotea”, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema mwenyewe.

Ndivyo ilivyo pia katika kuuliza. “Kwa nini umechelewa?” ni swali. “Mbona umechelewa?” lina mshangao ndani yake, na mara nyingi lawama pia. “Kwani umechelewa?” ni la mtu anayejifanya hana habari, au ambaye kweli hana habari na wala hajali. Mhusika anayeuliza kwa “mbona” wakati wote ni mtu anayeishi akiwa amekwisha kukasirika kidogo, na msomaji atalihisi hilo kabla hajaweza kulieleza. Ngeli nazo zina ukatili wake: baba anayesema “toto lile limekuja tena” hahitaji msimulizi aongeze kwamba hampendi mwana huyo wa jirani, na shangazi anayesema “kitoto kile kimejaa maneno” amemdunisha mtoto kwa upatanisho wa sentensi peke yake. Msimulizi akiongeza hapo “alisema kwa dharau”, ameharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Kuhusu lahaja na lafudhi nitasema machache. Kuna wakati niliandika mhusika ambaye kila “r” yake ilikuwa “l” na kila ngeli yake ilikuwa imepinda, nikidhani ninamfanya awe wa kweli. Kurasa tatu baadaye msomaji hakuwa akimsikia tena yeye. Alikuwa akifumbua tahajia. Kibaya zaidi, nilikuwa nimeyapanga makosa yote kwa mhusika maskini, ilhali tajiri wangu alizungumza kama kamusi, jambo ambalo linasema mengi juu ya mwandishi na machache juu ya wahusika. Siku hizi huchagua alama moja au mbili za lahaja, tena katika maneno ambayo msomaji yeyote atayaelewa, nikaziacha zijitokeze pale hasira au furaha inapomsahaulisha mtu kujichunga.

Sauti peke yake, hata hivyo, haitoshi kumfanya mhusika aaminike. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze aliwaita ndugu wa Adili Hasidi na Mwivu, na majina hayo yanatosha kwa sababu hadithi yenyewe ni ya mafumbo na maadili. Tunataka kuona husuda na wivu vikitembea kwa miguu miwili. Lakini ukiandika hadithi ya watu wa kawaida huku bado unawafikiria kwa majina ya namna hiyo moyoni mwako, huyu “Bahili”, yule “Mpole”, utashangaa kwa nini wanatembea kama wamefungwa mbao. Mimi niliandika bahili ambaye kila alichofanya kilikuwa cha ubahili, hata namna alivyokunja shuka. Alikuwa wa kuchekesha katika sura ya kwanza, na katika sura ya tatu alichosha. Alianza kuwa mtu siku nilipomfanya amlipie mtoto wa jirani karo ya muhula mzima kwa siri, kisha arudi nyumbani na kugombana na mkewe kwa sababu ya kiberiti. Sikueleza sababu. Msomaji alijiuliza mwenyewe, na anayejiuliza juu ya mhusika ameshamkubali kuwa yupo.

Lakini ukinzani huo usiwe wa bahati nasibu. Bahili wangu aliwahi kufukuzwa shule kwa kukosa karo. Jambo hilo halimo popote katika hadithi, ila mimi nalijua, na ndilo linalofanya ukarimu wake na ubahili wake vitoke katika jeraha moja. Nilipomweka mhusika mwingine akafanya jambo asilotarajiwa kufanya kwa sababu tu nilitaka kumshtua msomaji, msomaji hakushtuka, alifunga kitabu.

Yule kaka wa Sudi alinifundisha jambo jingine ambalo sikulipanga. Katika sura ya saba nilimpeleka kwa baba mkwe wake kwenda kuomba muda wa kumalizia mahari, na nilipoanza kuandika, sentensi yake ya kwanza ikawa, “Nilikuwa napita tu, baba.” Nilisimamisha kalamu. Mtu aliyekuwa akifunga milango yote mbele ya mdogo wake alikuwa sasa anatafuta mlango wa nyuma mbele ya mkubwa wake. Kabla ya hapo nilikuwa nikidhani mhusika mwenye sauti yake ni yule anayesema namna moja kwa watu wote, kumbe hakuna mtu wa namna hiyo. Mtu husema kwa namna moja na mama yake, kwa nyingine na bosi wake, na kwa nyingine tena na mtoto anayemuogopa. Kwa hiyo kabla sijaanza hadithi mpya, kila mhusika mkuu humwandikia kurasa mbili ambazo hazitaingia kitabuni: katika mmoja anaomba msamaha kwa mtu aliye juu yake, na katika mwingine anaomba msamaha kwa mtu aliye chini yake. Ukurasa wa pili ndio mgumu, na wahusika wengine hukataa kabisa kuuandika. Kukataa huko nako hunieleza mtu niliyenaye.

Macho ya mhusika ni sehemu ya sauti yake, hata asiposema neno. Fundi cherehani akiingia sebuleni ataona mapazia yameshonwa kwa haraka na upindo mmoja umelegea. Anayedaiwa atauona mlango wa pili. Mjane ataona kwamba kuna viti viwili. Nilikuwa na mazoea ya kueleza chumba kwa macho yangu, yaani rangi ya ukuta, dirisha, meza, kisha kumwingiza mhusika ndani ya chumba ambacho kimekwisha kuelezwa. Nikifanya hivyo sasa hufuta aya yote, na kumwacha aingie kwanza yeye. Tashbihi nazo zitoke katika kazi na maisha yake, kwa sababu mvuvi hatafananisha ukimya na maktaba.

Kuhusu kusikiliza watu, nilibeba daftari kwa miaka miwili nikinakili misemo niliyoisikia kwenye magari na foleni, na sijatumia hata robo yake. Misemo mizuri ikihamishiwa kwenye kinywa kisicho chake huonekana kama nguo ya kuazima. Kilichonifaa zaidi ni siku nilipoacha kunakili maneno na kuanza kunakili mwenendo wa mazungumzo: nani hujibu swali kwa swali, nani hukatiza wenzake na nani hukubali kukatizwa, nani hurudi kwenye jambo lake hata mada ikibadilishwa mara tatu, na nani hucheka kabla ya kusema jambo zito. Tabia hizo zinaweza kubebwa na mhusika yeyote wa umri wowote, na hazichakai haraka kama misemo ya mitaani ambayo mwaka ujao itakuwa imepitwa.

Mtihani wa rafiki yangu bado naufanya. Kila sura ikikamilika hunakili ukurasa mmoja wenye mazungumzo, nikafuta majina, nikauweka kando kwa siku kadhaa, kisha nikausoma kwa sauti ya juu. Pale ninapopotea huweka alama ya kalamu nyekundu, na mara nyingi kosa huwa kwamba wahusika wawili wanakubaliana mno, kila mmoja akimjibu mwenziwe alichoulizwa, hali ambayo ni nadra sana watu wawili wanapozungumza.

Katika hadithi niliyomaliza hivi karibuni kuna wazazi ambao kijana wao aliondoka nyumbani bila kuaga. Mama, kila anapoulizwa, husema, “Hajarudi.” Baba husema, “Hakurudi.” Tofauti ni silabi moja: mama bado anangoja, baba amekwisha kufunga hesabu. Sikuieleza popote, na kwa sura kumi na moja niliwalinda wote wawili wasichanganye kauli zao, hata pale mhariri alipodhani ni kosa la chapa na kuyalinganisha. Karibu na mwisho, jirani mgeni anauliza kama wana watoto. Mama yuko ndani, hasikii. Baba anaendelea kufunga kamba ya ndoo, anaikaza, anaijaribu, kisha anasema, “Tunaye mmoja. Hajarudi.”