Chupa Iliyo Juu ya Kabati

SWALI: Shikamoo mama. Ninahudumu mezani katika hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo. Mgeni wa Kiitalia ameniachia chupa ya divai nyekundu, Ruchè di Castagnole Monferrato ya mwaka 2021. Alisema hata huko kwao haipatikani kila duka. Nimeiweka juu ya kabati, naitunzia harusi ya mdogo wangu ambaye bado yuko chuoni. Si wanasema divai ikikaa ndiyo inanoga? (Mhudumu, Dunda)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ishushe leo hii.

Nimehudumu mezani miaka kumi na tisa, na mimi nilipewa chupa kama hiyo. Niliiweka juu ya kabati, chumba cha bati, nikaifungua Krismasi ya tatu. Joto lilikuwa limekisukuma kizibo juu, na ndani mlikuwa na harufu ya zabibu zilizochemshwa. Niliimwaga, na roho inaniuma mpaka leo, maana ya kwanza niliyoionja mgeni alinimiminia mwenyewe, na ilinuka waridi. Waridi kabisa, kama marashi yanaponyunyizwa harusini, kisha pilipili manga ikafuata nyuma. Divai yetu ya Dodoma ninaipenda na nimeimimina kwenye meza nyingi, lakini harufu ile sijaikuta humo.

Mgeni wako hakukudanganya. Sheria ya Italia inaruhusu divai hii itoke katika vijiji saba tu vya mkoa wa Asti, kule Piemonte. Mzabibu wenyewe ulikuwa karibu kusahaulika. Aliyeuinua ni padre wa parokia ya Castagnole Monferrato, Giacomo Cauda. Miaka ya 1960 aliilima mizabibu hiyo kwa heshima, akazikamua zabibu zake bila kuzichanganya na nyingine, na kuitia divai yake chupani. Sisi tuliokulia jirani na misheni ya Bagamoyo ya 1868 hatushangai padre akishika jembe, ila huyu aliokoa zabibu ya kijiji kizima. Mwaka 1987 serikali ikaitambua, na 2010 ikaipandisha daraja la juu, DOCG. Tazama shingoni mwa chupa yako: utaona ukanda wa karatasi wenye namba. Ni wa serikali, na kila chupa ina namba yake.

Hayo ya kukaa ndiyo kunoga ni kweli kwa baadhi tu. Barolo, ya huko huko Piemonte, haiuzwi kabla ya kupita zaidi ya miaka mitatu, na ikihifadhiwa penye baridi inaendelea kukomaa. Ruchè watu huipendea ile harufu, na harufu ndiyo inayotangulia kuondoka. Chupa nyingi hunywewa ndani ya miaka michache. Ya kwako ni ya 2021, na joto letu haliisubiri harusi.

Jumapili hii iweke kwenye friji nusu saa, isizidi, ikiwa baridi sana harufu inajificha. Barafu usitie. Tumia glasi pana, jaza theluthi tu ili pua ipate nafasi. Wapikie wa nyumbani pilau ya mbuzi yenye mdalasini na karafuu, hapo vitaitikiana. Mwite mdogo wako naye aonje. Ikibaki, rudisha kizibo, weka friji, na mmalize kabla ya Jumatano.