Shangazi, mume wangu ana "Nora" kwenye simu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, ndoa mwaka wa saba. Mume wangu mwaka jana aliteguka mguu akakaa nyumbani wiki tatu, ndo akaanza kuangalia muvi za zamani za Marekani zile zisizo na rangi, za mume na mke wanapeleleza mauaji huku wanataniana. Mwanzo tulikuwa tunaangalia wote. Siku moja akaniambia "na wewe ungekuwa hata kidogo kama Nora". Iliniuma, tangu hapo akiwasha mi naenda kulala. Sasa juzi kanipa simu yake nimtafutie namba ya fundi, nikaona juu kabisa amempigia Nora mara nne kwa siku moja! Nikarudisha simu kimya kimya. Kesho yake nikamlipa kijana wa boda elfu kumi amfuatilie. Kaniletea jibu kwamba kakaa kibanda cha chipsi peke yake saa nzima anaangalia simu anacheka. Nifanyeje? Mama Wawili, Morogoro.

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimecheka mpaka chai ikanipalia, nisamehe, mara ya pili sikucheka hata kidogo. Kilichonichekesha ni boda. Elfu kumi! Elfu kumi umetoa ili uambiwe mumeo kala chipsi.

Tuanze na huyo Nora maana naona humjui vizuri, ulienda kulala mapema. Mimi namjua, mi na marehemu mume wangu tulikuwa nazo kwenye kanda za video zile za kurudisha nyuma kwa kalamu zikikwama. Ya kwanza inaitwa The Thin Man, ya 1934, William Powell ndo Nick na Myrna Loy ndo Nora. (Na huyo mtu mwembamba wa kwenye jina sio Nick, wengi wanakosea, ni yule mzee mvumbuzi anayetafutwa, ila jina lilishapendwa wakaendelea nalo mpaka ya sita mwaka 1947.) Nora ni mwanamke mwenye hela zake, Nick kaacha upelelezi, kazi yake sasa ni kusimamia mali ya mke na wala haoni haya. Wamekuja New York kula Krismasi.

Sasa mwangalie anavyoingia. Mikono imejaa vifurushi, mbwa wao Asta anamvuta kwa kamba, anadondoka chini puu mbele za watu wazima wote waliokaa wanakunywa. Anainuka kama hakuna kilichotokea. Anamuuliza mumewe umeshakunywa glasi ngapi, anajibiwa hii ya sita, basi yeye anamwambia mhudumu niletee tano nyingine zipange hapa hapa kwa mstari, ili wawe sawa. Kesho yake kichwa kina barafu juu. Hapo kwenye pombe usimuige, walikunywa hao kama wanalipwa kwa glasi.

Nakusimulia hivi kwa sababu najua ulichosikia siku ile mumeo alipolitaja jina lake. Ulisikia gauni la hariri, ulisikia kiuno na nywele zilizolala vizuri, ukajiangalia na kitenge chako na mtoto mgongoni ukaona umetukanwa. Mwanangu, mi nadhani mwanaume anayeangalia zile muvi mara ya tatu na ya nne haangalii kiuno. Anaangalia mwanamke aliyedondoka akainuka anatania. Kuna mahali Nora anataka waende wote kwenye upelelezi, Nick anamfungulia mlango wa teksi, anaingia, halafu jamaa anafunga mlango anamwambia dereva mpeleke kwenye kaburi la Rais Grant, yeye anabaki! Baadaye anamuuliza ulilionaje lile kaburi, Nora anamjibu zuri sana, nimeagiza na lako litengenezwe kama lile. Hakununa wiki nzima.

Ila na mumeo ana kosa na nataka umsomee hapa. Baba, yale maneno matamu ya Nora hayakutoka tu mdomoni, yaliandikwa na Frances Goodrich na Albert Hackett, mke na mume wa kweli, walikaa mezani wakaandika kwa mshahara, wakafuta, wakaandika tena. Na wewe unataka mwenzio aliyeamka saa kumi na moja kuandaa watoto wa shule atoe majibu kama yale papo hapo? Tena Powell na Myrna Loy hawakuwahi kuoana. Walicheza pamoja sinema 14, watu wakaamini ni mke na mume, mpaka walipoenda San Francisco kupiga muvi ya pili hoteli ikawaandalia vyumba vya maharusi, wakati mpenzi wa Powell, Jean Harlow, yuko hapo hapo nao. Myrna mwenyewe ndoa zake zilikuwa nne na zote ziliishia talaka. Kwa hiyo huyo Nora unayefananishwa naye hata Myrna alishindwa kuwa yeye akifika nyumbani.

Haya, wivu. Kuna kipande ukikipata kiangalie hata peke yako, hakifiki nusu dakika. Binti wa yule mvumbuzi analia, Nick kamkumbatia anambembeleza, mlango unafunguka, Nora huyo. Nick anamkunjia uso juu ya bega la binti. Nora na yeye anamkunjia pua. Basi, imeisha hiyo, hakuna aliyeeleza kitu. Sisemi ukimkuta wako kamkumbatia mtu ukunje pua, mi mwenyewe ningekunja ngumi. Nasema wale wawili macho yalikuwa yanakutana kwanza, wewe macho umemkodishia boda.

Sasa turudi kwenye kesi maana hata mimi nimenogewa. Umesema Nora kapigiwa mara nne siku moja. Uliona jina, namba hukuisoma. Hebu kumbuka vizuri, siku hiyo mumeo wewe alikupigia mara ngapi? Gesi, ada, mtoto karudi, nije na mkate au nisije? Hesabu. Halafu leo usiku simu yake ikiwa mezani, chukua yako umpigie, uangalie kioo chake kinaandika jina gani.

Kikiandika Mama Wawili au jina lako la siku zote, basi funga mlango watoto wakilala, umuulize mdomo kwa mdomo Nora ni nani, utulie usikie jibu lote mpaka mwisho, ndo uniandikie tena. Kikiandika Nora, usilie mbele yake, na usimwambie habari ya boda hiyo hiyo siku, acha ipite wiki umwambie mkiwa mnacheka. Jumamosi muulize kile kibanda kiko wapi, mwende wote, na simu moja.

Ila kwa huyo kijana wa boda kadai hata elfu tano irudi, kazi kaifanya nusu. Mtu anacheka peke yake saa nzima, na mpelelezi wako hakusogea hata hatua mbili aone anaangalia nini.