Samaki wa kupaka na magamba ya ngozi

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Nina soriasisi, mwaka wa sita huu, viwiko na magoti yamejaa magamba meupe. Jamaa yangu anayefuata Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, kaniambia samaki na maziwa havichanganywi, basi niache samaki wa kupaka. Ni kweli?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Samaki wako kula. Ayurveda inakataza kweli kula samaki pamoja na maziwa, ikisema vinapingana tumboni na kuharibu damu, kisha ngozi. Lakini maziwa hayo ni ya mnyama. Tui la nazi analopakwa samaki wako si maziwa. Huko Kerala, penye Ayurveda yenyewe, samaki wa tui ni chakula cha kawaida.

Tazama zaidi ukali. Mafunzo ya Ayurveda humpunguzia mwenye ngozi nyekundu, yenye moto, pilipili, siki, chumvi nyingi na vilivyochacha. Kwetu hapo utakuta achari, ng'onda na urojo wa pilipili. Usiviache vyote siku moja: ngozi ikitulia hutajua kilichoituliza. Acha kimoja kwa wiki sita, upige picha ya kiwiko kila Ijumaa, mwanga ule ule. Kisha kirudishe wiki mbili. Usipoona tofauti, endelea kukila, ujaribu kingine.

Usiku pika kichri. Nusu kikombe cha choroko za kupaaza, nusu cha mchele, maji vikombe 4, robo kijiko cha chai cha manjano, chumvi kidogo. Moto mdogo, kama dakika 35, mpaka zivurugike. Kaanga nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba kwa kijiko kimoja cha samli, umiminie juu. Kimoja! Wengi wakisikia samli ni dawa huchota kwa upawa, na unene huzidisha soriasisi. Katika habari yote ya chakula, kupunguza uzito kwa aliyenenepa ndiko kwenye ushahidi mzuri zaidi wa kitabibu.

Marhamu ya hospitali endelea kupaka.

SWALI: Nimeletewa vidonge vya Ayurveda visivyo na lebo. Nimeze?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Hapana. Baadhi ya dawa hizo hutiwa zebaki au risasi makusudi. Na kama unatumia methotreksati, dawa ya hospitali ya soriasisi kali, hata vidonge vya manjano mwulize kwanza daktari wako, kwa ajili ya ini. Manjano ya chunguni hayana neno.