Nani ni mfuasi wa mfongo wetu?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama katika zama za kidijitali kiongozi ni mwenye cheo au mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Mimi ningeuliza kwanza mfuasi ni nani, kwa kuwa huku Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, viongozi wa kila namna tumeshawaona, na kilichobadilika hasa ni ufuasi.

Masika iliyopita maji yalibomoa mfongo wetu, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba, karibu na banio, pale maji yanapoingizwa kutoka mtoni. Zamani pembe ingepigwa, na kulipokucha kila kaya ingetoa mtu mwenye jembe. Asiyefika alitozwa faini. Safari hii tangazo lilitumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kufikia saa nne madole gumba yalikuwa yamejaa hadi tangazo lenyewe halionekani, na admini wetu, anayeishi Dar es Salaam, alikuwa ameshatuma ujumbe mrefu wa sauti kueleza mawe yapangwe vipi. Kwenye banio tulikuwa wachache, wengi wetu wenye mvi, matope yametufika magotini, tukiziba nyufa kwa mawe, udongo na magome ya migomba. Msimamizi wa mfongo, mzee asiye na simu janja, hakuamuru mtu. Aliingia majini wa kwanza akaanza kubeba mawe, nasi tukamfuata.

Nilikusudia kuishia hapo na kusema kwamba ufuasi wa simu ni bure. Hata hivyo haki itendeke: jioni ile, picha za bomoko zilipowekwa kundini, michango ilianza kuingia kwa M-Pesa kutoka kwa vijana wetu wa Dar es Salaam na Mwanza, ambao pembe isingewafikia kamwe, na saruji ya banio jipya ilitokana na fedha hizo.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Mmoja wao alipoomba risiti ya saruji, admini alilifunga kundi ili aandike yeye peke yake, jambo ambalo WhatsApp imeliruhusu tangu mwaka 2018. Wazee wetu walipoanzisha KNCU, muungano wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933 waliunda chama cha ushirika, na mwanachama wa ushirika ana haki ya kuhoji hesabu mkutanoni.

Kwa hiyo nakubali kwamba anayechangia kutoka mbali ni mfuasi kamili, ili mradi aruhusiwe kuuliza. Zamu za maji, hata hivyo, ningependa ziendelee kupangwa na wanaofika kwenye mfongo, isipokuwa pale ambapo aliye mbali ana mama mzee anayetegemea maji hayo.