Mawaziri wa kaunti gavana anapoondoka
Je, nchini Kenya naibu gavana anayeapishwa kumalizia muhula wa gavana aliyeondoka hurithi mawaziri wa mtangulizi wake? La, hawarithi. Kifungu cha 179(7) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba nafasi ya gavana inapobaki wazi, iwe kwa kifo, kujiuzulu au kung'olewa na Seneti, wanakamati tendaji (yaani mawaziri wa kaunti) wote aliowateua hukoma kushika nyadhifa zao, hivyo gavana mpya hulazimika kuteua upya watu wasio wawakilishi wadi, kisha Bunge la Kaunti liwapige msasa na kuwaidhinisha. Anaweza kuwarejesha wale wale, mradi bunge likubali. Idadi yao haizidi 10 katika bunge lenye wajumbe 30 au zaidi, na katika bunge lenye wajumbe chini ya 30 haizidi thuluthi moja ya wajumbe.

Hilo lisichanganywe na kufutwa kazi kwa waziri mmoja, jambo ambalo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu gavana kulifanya akiona inafaa, ingawa mahakama zimewahi kumrudisha kazini waziri aliyetimuliwa bila kusikilizwa.