Amiba wa maji ya vuguvugu: hatari iko puani

SWALI: Daktari, watoto wangu hupenda kuogelea katika ziwa linalopokea maji ya chemchemi za moto. Nimesikia kwamba maji ya namna hiyo huweza kuwa na mdudu anayeshambulia ubongo, na mtoto wangu mdogo humeza maji kila anapopiga mbizi. Je, niwakataze?

JIBU: Ndugu msomaji, ulilosikia ni kweli, ila kumeza maji hayo hakuleti ugonjwa huo. Kiumbe chenyewe ni amiba, yaani kijidudu cha seli moja kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri, ambaye huishi katika maji yasiyo na chumvi, hustawi yanapopata joto, na huweza kuhimili hata nyuzi 46 za Selsiasi. Hudhuru pale tu maji yanapopenya kwa nguvu ndani ya pua, ambako huifuata neva ya kunusia hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huu hauambukizwi kati ya mtu na mtu. Ni nadra mno: Marekani ilirekodi wagonjwa 164 kati ya mwaka 1962 na 2023, ingawa waliopona walikuwa 4 tu.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuwakataza. Wazuie kujirusha majini na kutibua tope la chini, hasa siku za joto kali maji yanapokuwa yamepungua, na wanapozamisha kichwa wavae kibanio cha pua.

Ninalosisitiza zaidi ni hili: mtoto akipata homa, maumivu makali ya kichwa na kutapika ndani ya siku 12 hivi baada ya kuogelea, kisha shingo ikakakamaa, mpeleke hospitali bila kusubiri na umweleze daktari, hata asipokuuliza, kwamba aliogelea katika maji ya vuguvugu. Dalili hizo hufanana sana na za homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria, na daktari asiyejua habari ya ziwa hana sababu ya kumtafuta amiba katika maji ya uti wa mgongo.

Ukiniuliza kinachonitia hofu zaidi ziwani, nitataja kwanza kuzama, ambako huua watoto wengi kupita kiasi cha kulinganishwa na amiba huyu. Na ikiwa ziwa lenu liko katika eneo lenye kichocho, kumbukeni kwamba vimelea vyake hupenya kwenye ngozi, hivyo kibanio cha pua hakitawakinga.