Kabla hujalala, mshike mbwa wako miguu

Mi mbwa nimeanza kufuga nikiwa Kigamboni, na miaka yote ile sikuwahi hata siku moja kukaa chini nikamwangalia mbwa chini ya mguu. Kule ni mchanga mtupu, mbwa anazurura, anarudi, anajikunja analala, yameisha. Mguu wa mbwa kwangu ulikuwa kama baiskeli ya jirani, hainihusu. Sasa 2019 tukahamia Dodoma kikazi, tukapanga Nzuguni, na Bosi tukaja naye (ndo jina lake, mbwa koko wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama lingine limelala), kumbe huku ni habari nyingine kabisa. Huku kuna mbigiri.

Kwa ambaye hajaishi huku, mbigiri ni kajani kanatambaa chini, kana viua vya njano vizuri tu, ila vikikauka kinabaki kidude kigumu chenye miiba kila upande, yaani ukikitupa vyovyote lazima mwiba mmoja uangalie juu. Kinatoboa kandambili, kinatoboa tairi la baiskeli, sembuse soli ya mbwa. Na hapo sijagusa miiba ya migunga, ile mirefu kama sindano ya kushonea magunia.

Basi Bosi akaanza kujilamba mguu wa mbele wa kulia. Leo analamba, kesho analamba, mi naona tu anajisafisha, paka si wanajilamba? Hachechemei, anakula, anabwekea bodaboda kama kawaida, nikaacha. Hilo ndo kosa la kwanza, na wengi wetu tunalifanya, tunasubiri mpaka mbwa achecheme. Mbwa akichechema ujue kashavumilia siku nyingi. Kama wiki mbili hivi zikapita ndo nikaona hakanyagi, kumgeuza mguu, katikati ya vidole kuna uvimbe kama kunde, mwekundu, unatoa majimaji.

Kosa la pili ndo baya zaidi. Jirani mmoja, mtu mzima, ana mbuzi wengi na ana nia njema kabisa, akaniambia hilo dogo, mpake oili chafu. Ile ya gari, iliyotoka kwenye injini. Nikaenda kwa fundi nikapewa kwenye chupa ya maji, nikapaka. Jamani mbwa hana kitambaa, anajifuta kwa ulimi, kitu chochote ukimpaka mguuni jua umemlisha. Usiku kucha ule Bosi alitapika, sebule nzima inanuka gereji, mke wangu ananiangalia tu hasemi kitu, na mnajua ule ukimya. Asubuhi kwa dokta wa mifugo, kwanza wakamwosha mguu kwa sabuni ya vyombo mpaka mafuta yakatoka, afu dokta akapasua kidogo, akaingiza kibano, akatoa kipande cha mwiba hakifiki hata punje ya mchele. Akakiweka kwenye pamba akanionyesha, akaniuliza, "Huu ungekuwa mguuni kwako, baba, ungepaka oili?" Sikuwa na jibu.

Toka siku ile tuna utaratibu. Kila siku taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha, nakaa kwenye mkeka na Bosi, tochi ya simu, kitaulo, kibano cha nyusi (nilinunua changu, cha mke wangu nilipigwa marufuku), na kopo la dagaa wakavu. Dakika tano haziishi. Naanza na soli, zile nyama nyeusi za chini, nazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akivuta mguu hapo pana kitu hata kama hakionekani. Afu nafungua kila uwazi kati ya kidole na kidole, juu na chini, maana huko ndo kila kitu kinajificha, mwiba, kupe, kipande cha chupa, hata jojo, jojo ikikauka kwenye manyoya inavuta ngozi mpaka kidonda. Macho hayatoshi, tumia vidole. Usiku huu wa jana tu nimemtoa mbigiri mmoja mzima mguu wa nyuma na jioni yote alikuwa anacheza mpira na mwanangu kama hana kitu.

Kama una mbwa mdogo umebahatika, anza sasa hivi kumshika shika miguu kila siku bila sababu yoyote, unashika unampa dagaa, unaachia. Mbwa mkubwa aliyezoea kwamba akishikwa mguu anaumizwa ana kazi, inaweza chukua wiki kadhaa, na akiwa na maumivu makali hata mbwa wako mwenyewe anayekupenda atakung'ata, kwa hiyo mfunge mdomo kwanza kwa bandeji laini au upate mtu wa kumshika, na hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na sehemu nyingi huwa wanachanja, ulizia ofisi ya mifugo ya kata yenu. Na mbwa akikung'ata osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima afu moja kwa moja hospitali, usianze kuuliza mbwa ni wa nani.

Haya, kucha. Ukisikia mbwa anatembea kwenye tailizi anagonga ta ta ta ta, kucha zimezidi. Zikizidi zinasukuma vidole juu, mbwa anaanza kukanyaga vibaya, na baadaye viungo vinamuuma. Mbwa wanaotembea kwenye lami na sementi wanazisaga wenyewe, wa kwenye mchanga na udongo laini ndo zinarefuka. Ila kuna ukucha mmoja hausagiki popote, ule wa pembeni kwa ndani, juu kidogo ya mguu wa mbele, kama kidole gumba. Miguu ya mbele ina kucha tano, ya nyuma kwa kawaida nne, na huo wa tano watu wanausahau kabisa mpaka unajikunja kama pete unaingia kwenye nyama. Nimeona kwa mbwa wa mlinzi wa jengo tunalofanyia kazi, ukucha umezama ndani na usaha, na mlinzi anampenda yule mbwa vibaya mno, hakuwahi tu kuambiwa.

Kukata sasa, ndani ya ukucha kuna nyama yenye mshipa wa damu na wa fahamu, ukiukata huo mbwa anapiga kelele za kuamsha mtaa. Kucha nyeupe ukimulika tochi unaiona kabisa ya pinki. Za Bosi ni nyeusi kama mkaa, huoni kitu, kwa hiyo unakata vipande vyembamba vyembamba na kila ukikata unaangalia pale ulipokata, mwanzoni pakavu pamepauka, ukianza kuona kidoa cheusi chenye unyevu katikati, simama hapo hapo. Mi Jumapili moja nilikuwa na haraka ya kwenda msibani nikakata mara moja tu, aisee damu kwenye tailizi kama tumechinja kuku. Dawa yake ni unga, wa ngano au wa mahindi, unachota unabana nao kwenye ukucha dakika kadhaa bila kuachia achia, inakata. Damu ilikata, ila imani ndo ilichukua miezi mitatu kurudi. Kama zimerefuka sana usitake kuzimaliza siku moja, kata kidogo kila baada ya wiki moja au mbili na ile nyama ya ndani inarudi nyuma yenyewe taratibu. Mkasi wa kucha za mbwa unapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, wembe achana nao.

Kupe nao wanapenda sana katikati ya vidole. Bana kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, mtumbukize kwenye spiriti. Usimchome kwa njiti ya kiberiti, usipake mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha. Kupe wa mbwa wanaleta homa zinazoua mbwa, kwa hiyo ukitoa kupe leo afu keshokutwa mbwa hali na fizi zimepauka, nenda kwa dokta. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe, hii naomba nisisitize, watu wanachanganya kwa macho tu, "weka kifuniko kimoja hivi", mbwa wa kilo 15 sio ng'ombe, wanakufa.

Funza sasa, na hapa hata wasiofuga mbwa wasikilize. Nazungumzia wale wa miguuni, sio wa kwenye nyama iliyooza. Kijijini kwa mama yangu, Kasulu, mjomba alikuwa na mbwa anatembea kama anakanyaga mayai, kumgeuza miguu, soli zote zimejaa vidoti vyeupe vyenye jicho jeusi katikati. Huyu funza ni kiroboto, jike anazama kwenye ngozi anabaki na tundu dogo tu la kupumulia, anavimba mpaka saa nyingine anafika ukubwa wa njegere, mayai anayadondosha nje kwenye vumbi, na hilo vumbi ndo wanapolala mbwa na wanapocheza watoto. Wala hakuwa wa huku kwetu, asili yake ni Amerika, alishuka Angola 1872 na meli iliyotoka Brazil, akatembea kwenye miguu ya watu na misafara mpaka kabla karne haijaisha ameshavuka bara zima kuja upande wetu.

Nilichojifunza kwa mjomba ni hiki, kila Jumamosi alikuwa anawakalisha wajukuu anawatoa funza kwa pini, pini moja hiyo hiyo watoto wote (jamani hapana, pini moja watu wengi mnaambukizana magonjwa ya damu), na kila wiki wanarudi wengine. Alikuwa anajilaumu kwamba watoto hawaogi. Watoto walikuwa wanaoga vizuri tu, ila mbwa analala mlangoni na hakuna aliyemtibu, na nguruwe nao nyuma ya nyumba. Ukitibu watu ukaacha wanyama na sakafu ya vumbi umepoteza muda. Kwa mbwa mwenye wengi usianze kuchokonoa mwenyewe, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo, vinabaki vidonda vingi vinaoza. Huku nyumbani fagia, mwagia maji anapolala, ukipata uwezo weka sementi.

Ila sementi nayo, maana najua wengi mna banda la mbwa la sementi na anafungiwa kutwa. Mbwa anakojoa, anakanyaga mkojo, anaulalia, mkojo ule unaunguza ngozi ya kati ya vidole inakuwa nyekundu na inabanduka. Mwekee paleti la mbao apande juu, na mwagia maji banda kila siku, sio kila Jumapili.

Lami ya saa nane mchana weka mgongo wa mkono wako hesabu mpaka saba, ukishindwa na yeye hawezi. Inaweza kupita nyuzi 50 kabisa. Sisi tunatembea saa kumi na mbili asubuhi au jua likizama, basi.

Mvua zikianza ni kesi nyingine, tope na unyevu. Kitaulo kile kazi yake ndo hiyo, futa mpaka katikati ya vidole pakauke, sio juu juu. Ukinusa mguu wa mbwa na unanuka kama raba zilizonyeshewa zikafungiwa kabatini, na manyoya ya hapo kama ni meupe yamegeuka rangi ya kutu, huyo anajilamba sana na huenda ni fangasi au aleji au wadudu wa ngozi. Kwa macho huwezi kujua ni kipi, na dawa zake ni tofauti, kwa hiyo usimpake krimu yako ya fangasi.

Kidonda kidogo cha kawaida mi naosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, nakausha, basi. Spiriti inachoma na mbwa hatakuachia tena mguu. Soli zikipasuka kiangazi napaka mafuta ya nazi kidogo sana usiku, akiyalamba hayamdhuru, ila ukimpaka mengi ataharisha. Ukimfunga bandeji angalia vidole kila baada ya saa chache, vikianza kutanuka na kuwa vya baridi umebana sana. Na dawa zako za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, usimpe, zinamtoboa tumbo na kuharibu figo. Jeraha refu, linalofungua soli, au mguu asioukanyaga zaidi ya siku moja, hayo sio ya kwenye mkeka.

Bosi sasa hivi ana miaka tisa. Nikitikisa kopo la dagaa anakuja mwenyewe, analala ubavu, ananyoosha mguu wa mbele kabla sijamwomba. Ule wa kulia, wa oili, bado anaukunja chini ya tumbo, na huo huwa namwachia wa mwisho.